Kibarua, Manamba, Kipande: Bosi wa Zamani Alivyoshikilia Kazi Yako Mpya Tangu Enzi za Mkoloni

Pita Msamala jioni, ingia steshenari yoyote yenye kompyuta mbili na mashine ya kuprinti. Hutakosa kijana anayesahihisha CV. Jina, elimu, uzoefu, vyote vinakwenda chapchap. Kisha anafika chini kabisa, palipoandikwa "Wadhamini", na hapo kidole kinaganda. Matangazo mengi ya kazi yanataka majina matatu ya wadhamini wa kuaminika, na mwajiri mpya anatamani sana kuona jina la bosi wa mwisho. Shida ni kwamba bosi wa mwisho ndiye yule waliyeachana kwa maneno. Mshahara wa miezi miwili haukulipwa, kijana akahoji, akaambiwa ana mdomo, akaondoka. Sasa simu ikipigwa huko, bosi atasema nini?

Watu wengi wanaamini hili ni balaa la zama hizi, la ofisi zenye viyoyozi na maafisa rasilimali watu. Ukweli ni kwamba hofu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 100 katika Afrika Mashariki. Kuna wakati neno la bosi lilikuwa ndani ya kibati kilichoning'inia shingoni kwa mfanyakazi, na polisi alikuwa na haki ya kulisoma. Watu walipigwa risasi kwenye vurugu zilizochochewa na karatasi hiyo. Na kile walichokipigania ndicho kinachoamua leo bosi wako wa zamani anaruhusiwa kukuandikia nini.

LUGHA YENYEWE INAKUMBUKA

Anza na maneno matatu ambayo kila mtu anayatumia bila kuyafikiria.

La kwanza ni kibarua. Chukua neno barua, liongezee ki- ya udogo, unapata kikaratasi. Katika karne ya 19, Zanzibar na Mombasa, mtu wa kazi za kutwa aliitwa kwa jina la kikaratasi cha kazi yake. Wengi wao wakati huo walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira ilirudi kwa bwana. Leo unasema "nipo kibaruani" au "kibarua kimeota nyasi", na karatasi bado imo ndani ya neno.

La pili ni manamba. Hawa walikuwa vibarua wa mkataba kwenye mashamba makubwa, hasa ya mkonge, na jina lao limetoka kwenye namba. Mtu alitoka kwao akiwa na jina la ukoo, akafika shambani akawa namba.

La tatu ni kipande, yaani kadi ya kazi. Kule Kenya neno hili limebaki hadi leo, ukimsikia mtu anasema amesahau kipande nyumbani anazungumzia kitambulisho cha taifa.

Angalia maneno yote matatu. Hakuna hata moja linalotaja ujuzi wa mtu, nguvu zake au kazi aliyoifanya. Yote yanataja karatasi, na karatasi ilishikwa na mwenye kazi.

KUTOKA SONGEA HADI MKONGE WA TANGA

Kwa nini watu wa Songea waingie kwenye hadithi hii? Kwa sababu kwa miongo mingi Songea ilikuwa moja ya sehemu ambako wenye mashamba walikwenda kuchota nguvukazi.

Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni mjini Songea, na mji wenyewe umebeba jina la mmoja wa viongozi wa vita hivyo, Songea Mbano. Baada ya risasi ikaja njaa, kwa sababu chakula na mashamba vilichomwa kama silaha ya vita. Nyumba zilizobaki zilidaiwa kodi, na kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Fedha taslimu ilipatikana wapi? Mbali sana na Ruvuma, kwa watu wenye mashamba.

Upande wa kaskazini, mkonge ulikuwa umeshashika. Miche yake ililetwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida nchini Marekani. Mkonge unataka mikono mingi, na mikono haikuja yenyewe kwa ujira mdogo uliokuwepo. Ndipo mwaka 1907, huko Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, Wajerumani wakaanzisha kadi. Kila mwanaume Mwafrika alitakiwa kufanya kazi siku 30 ndani ya miezi minne kwa mwajiri Mzungu, na kadi ndiyo iliyoonyesha kama ametimiza. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za umma.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bendera ilibadilika lakini kadi haikwenda popote. Sheria ya Bwana na Mtumishi Mwenyeji ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha kuwa kosa la jinai. Yaani leo ukiacha kazi bila notisi, mnadaiana. Enzi hizo ulifungwa.

Kwenye mkonge mfumo ulikwenda hivi. Kadi ilikuwa na nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Asubuhi unapangiwa kipimo chako, tuseme matita kadhaa ya majani ya mkonge. Ukimaliza, msimamizi anaweka alama kwenye kadi. Usipomaliza, au msimamizi akisema hujamaliza, nafasi ya siku hiyo inabaki tupu, na jasho lako la siku hiyo linakuwa halikutokea. Malipo yalikuja kadi ilipojaa.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Mtu aliyeamua kama umefanya kazi hakuwa wewe uliyekata majani, wala majani yenyewe yaliyolala pale kwenye matita. Alikuwa mwenye kalamu. Ukigombana naye asubuhi, jioni unaona matokeo kwenye kadi.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Songea ikawa moja ya maeneo yake ya kupata watu. Vijana walisafirishwa kutoka huku kwenda mashambani, safari ambayo kwa barabara za leo, Songea hadi Tanga, inazidi kilomita 1,000. Jambo lenyewe lilikuwa kubwa kiasi kwamba miaka ya 1950 mtaalamu wa elimu ya jamii, Philip Gulliver, alikuja kulichunguza, na mwaka 1955 ukachapishwa utafiti wake juu ya Wangoni na Wandendeule waliokuwa wakiondoka kwenda kutafuta kazi.

Lakini watu wa Songea hawakukaa tu kusubiri lori. Miaka ya 1930 kilimo cha tumbaku kilianza kuleta fedha hukuhuku, na mwaka 1936 kikazaliwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Mwenye tumbaku yake aliweza kulipa kodi bila kuomba alama ya msimamizi wa mkonge. Huo ulikuwa mlango wa pili, na kwenye habari ya bosi mbaya, mlango wa pili ni nusu ya ushindi. Mtu mwenye njia moja tu ya kula ndiye anayetishika na neno la mtu mmoja.

KENYA: CHETI CHA TABIA KINACHONING'INIA SHINGONI

Kadi ya Tanganyika ilihesabu siku. Ili uone karatasi ya bosi ikigeuka kuwa rekodi ya maisha ya mtu, inabidi uvuke mpaka uende Kenya.

Huko sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915. Vita ikaichelewesha, utekelezaji ukaanza mwaka 1919 hadi 1920. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande kila anapotoka nje ya eneo lao. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, mahali anapotoka na alama za vidole. Halafu ikafuata sehemu ya kazi, yaani amri ya bosi: nani alimwajiri, kazi gani, mshahara kiasi gani, alianza lini, aliachishwa lini, na sahihi ya mwajiri. Wapo waajiri ambao hawakuishia kwenye safu hizo, wakaongeza na maoni yao kuhusu tabia ya mtu.

Karatasi ilikunjwa, ikawekwa kwenye kibati, kibati kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Waafrika walikifananisha na kengele anayofungwa mbuzi ili mwenye mbuzi amsikie alipo.

Kitanzi chenyewe kilikuwa ile sahihi ya kuachishwa. Bosi asiposaini kwamba amekuachia, kwa sheria bado uko kwake. Mwajiri mwingine haruhusiwi kukuchukua. Ukiondoka kwa kuchoka matusi, wewe ni mtoro, na utoro ni jinai. Na kwa kuwa alama zako za vidole ziko kwenye ofisi ya Nairobi, kubadilisha jina hakukutosha kukuficha.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao kijana wa leo ataujua haraka sana, ile safu ya mshahara. Bosi mpya alifungua kipande, akaona ulikuwa unalipwa kiasi gani kwa bosi wa zamani, na mazungumzo ya mshahara yakaishia hapo. Leo ukiulizwa kwenye usaili "kwenye kazi yako ya mwisho ulikuwa unalipwa ngapi?", ujue swali hilo lina babu yake.

MBINU ZA WATU, NA GHARAMA ZAKE

Watu walitafuta njia, bila shaka. Wapo walioripoti kwamba kipande kimepotea ili wapewe kipya kisicho na doa. Wapo waliobadilisha jina. Wapo waliotumia kipande cha ndugu. Wapo waliokwenda wilaya nyingine kabisa, wakatumaini kwamba mwajiri wa huko hatajisumbua kuuliza.

Mbinu hizo ziliwaokoa wengi, lakini zilikuwa na bei. Ukitupa kipande chenye neno baya la bosi wa tatu, umetupa pia sahihi nzuri za bosi wa kwanza na wa pili. Miaka mitano ya upishi inageuka kuwa sifuri, na unaanza upya kwa mshahara wa mgeni. Karatasi ilikuwa imepangwa hivyo: mazuri na mabaya yamo kwenye ukurasa mmoja, na huwezi kuchana kimoja ukaacha kingine.

Kijana anayefuta kazi nzima kwenye CV ili bosi fulani asipigiwe simu yuko kwenye hesabu hiyohiyo. Anamkwepa bosi, anapoteza na miaka.

1922: SIKU WATU WALIPOCHOKA

Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu Kenya walitangaza kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kipande kilikuwepo, kodi ilikuwepo, na sasa mshahara unapungua. Nairobi kulikuwa na kijana mmoja aliyefanya kazi ya kupokea simu kwenye ofisi ya Hazina, Harry Thuku. Kazi nzuri kwa wakati wake, ya mtu aliyejua kusoma na kuandika. Akaanzisha harakati, baadaye zikajulikana kama East African Association, na madai yake yalikuwa ya kazi kweli: kodi, mishahara, kazi za kulazimishwa na kipande.

Alifukuzwa kazi ya serikali. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 Machi umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe. Wanaume waliposita, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwasuta hadharani na kuwasukuma wasonge mbele. Polisi wakafyatua risasi, na baadhi ya walowezi waliokuwa karibu nao wakapiga. Serikali ilitaja vifo 21, watu walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Kipande hakikufa siku ile. Kiliendelea miaka mingine 25. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia madai yalirudi kwa nguvu, watu wakatishia kuvichoma vipande hadharani, na mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo ndipo kichekesho kilipotokea. Walowezi waliokuwa wameona sawa kabisa Mwafrika kuchukuliwa alama za vidole walipiga kelele walipoambiwa nao waweke vidole vyao kwenye wino. Kwao ilikuwa dharau. Kumbe walijua tangu mwanzo.

WAZUNGU WENYEWE WALISHAPITIA

Wakoloni hawakubuni jambo hili Afrika. Walikuja nalo kutoka kwao, ambako wafanyakazi wao walikuwa wamelilia kwa muda mrefu.

Ufaransa, chini ya Napoleon, ilirudisha mwaka 1803 kitabu cha mfanyakazi kilichoitwa livret. Mfanyakazi wa kiwandani hakuajiriwa bila kitabu hicho, na ndani yake bosi wa zamani alitakiwa kuandika kwamba amemaliza naye. Aliyesafiri bila kitabu angeweza kuhesabiwa mzururaji. Lakini mwaka 1854 sheria ya huko ilibadilishwa kwa jambo dogo lenye uzito: ilikataza kuandikwa humo maoni yoyote juu ya mfanyakazi, yawe mazuri au mabaya. Mwaka 1890 kitabu chenyewe kikafutwa.

Soma tena miaka hiyo. Ufaransa ilifuta kitabu hicho mwaka 1890. Kenya ilipitisha kipande mwaka 1915. Kilichoonekana hakifai kwa mfanyakazi wa Paris kilionekana kinafaa kwa mfanyakazi wa Nairobi.

Uingereza nako, watumishi wa majumbani waliishi kwa barua za bosi. Mtumishi bila barua ya tabia njema alikuwa hana chake, na kwa hiyo barua feki zilizagaa hadi Bunge likatunga sheria mwaka 1792 ya kuwatoza faini ya pauni 20 wanaoghushi au kutoa barua za uongo. Kwa mtumishi wa wakati ule, pauni 20 zilikuwa fedha za kutisha. Kwa hiyo wale mabwana wanaouza barua za uzoefu mitandaoni leo wasijione wajanja sana, wamechelewa zaidi ya miaka 200.

USHINDI MDOGO AMBAO HAUSHEREHEKEWI

Kutoka kwenye ugomvi wote huo likabaki wazo moja, na ni rahisi kulielewa. Rekodi ya kazi na maoni ya bosi ni vitu viwili tofauti. Rekodi ni mali ya mfanyakazi, kwa sababu ni maisha yake. Maoni ni ya bosi, na bosi hana haki ya kuyabandika juu ya rekodi.

Mwaka 1963 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa Pendekezo namba 119 kuhusu kuachishwa kazi. Lilisema mfanyakazi anayeachishwa apewe, akiomba, cheti kinachoonyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina ya kazi aliyoifanya, na kisiwekwe humo jambo lolote la kumdhuru.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Haisemi ampe kama wameachana vizuri. Haisemi ampe kama anampenda. Aliyeacha kwa amani na aliyefukuzwa wote wanastahili.

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, imekwenda wazi zaidi. Cheti cha utumishi ni lazima, na mwajiri anayekataa kwa makusudi anaweza kutozwa faini au kufungwa. Lakini sheria hiyohiyo inasema mwajiri halazimiki kutoa barua ya kusifia tabia au utendaji wa mtu. Nchi iliyobeba kipande shingoni ndiyo iliyotenganisha mambo hayo mawili kwa kalamu ya sheria: rekodi ni haki yako, sifa ni hiari yake.

Vijana wengi hawajui kwamba hicho cheti kipo. Wanaondoka kazini kwa hasira, mkoba begani, block kwenye WhatsApp, na miaka miwili baadaye hawana hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba walifanya kazi pale. Halafu wanalazimika kumtegemea yuleyule bosi na simu yake. Kile ambacho watu wa 1922 walikililia, wao wanakiacha kaunta.

SIMU IMEBAKI

Kwa hiyo karatasi imefungwa mdomo. Kilichobaki ni simu. "Huyu kijana umewahi kufanya naye kazi? Vipi yule?" Bosi anavuta pumzi, anasema, "Mmh... huyo, sijui nisemeje." Kwisha. Hajasema kitu, na amesema kila kitu.

Hapo pia historia ina kesi yake. Uingereza, muuza bima mmoja alitafuta kazi mpya, na kampuni ya zamani ikatoa maelezo yaliyomchora kama mtu asiye mwaminifu. Maelezo yale yalikuwa mabaya kiasi kwamba hakuna aliyemtaka. Alikwenda mahakamani hadi ngazi ya juu kabisa, na mwaka 1994 majaji wakaamua kwamba mwajiri anayetoa maelezo kuhusu mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu. Akitoa taarifa za ovyo zikamnyima mtu kazi, anaweza kudaiwa. Bosi hakukatazwa kusema ukweli mchungu. Alikatazwa kubwabwaja.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imempa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Faili lako la kazi ni taarifa zako. Tofauti na mtu wa kipande, aliyebeba shingoni maneno ambayo wengine hata hawakuweza kuyasoma, wewe unaweza kuomba kuyaona.

HISTORIA INAMPA NINI ANAYETAFUTA KAZI LEO

Ukikusanya hadithi yote hii, kuna mambo machache ambayo mtu aliyeachana vibaya na bosi anaweza kuyafanya kabla simu haijapigwa.

La kwanza, dai rekodi. Cheti cha utumishi, mkataba, hati za mshahara, barua ya kupandishwa cheo kama ipo. Omba kwa maandishi, kwa lugha ya upole, na tunza nakala ya ombi. Ukinyimwa, au kama unaamini ulifukuzwa kwa uonevu, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Angalia siku: mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya 60. Wengi wanasubiri hasira zipoe, siku zinaisha.

La pili, usifute miaka yako. Iache kazi kwenye CV. Kwenye wadhamini, hakuna sheria kwamba lazima awe bosi mkubwa. Msimamizi wako wa karibu aliyeona kazi, mwenzako aliyekuwa juu yako, mteja uliyemhudumia, hao nao ni mashahidi. Mwombe mtu ruhusa kabla ya kuandika namba yake, na muulize wazi, "Wakikupigia utasema nini kuhusu kazi yangu?" Akisita, umepata jibu mapema.

La tatu, lisemee mwenyewe kabla hajalisema yeye. Usaili ukifika kwenye "kwa nini uliondoka?", sentensi mbili zinatosha. "Tulitofautiana kuhusu malipo, nikamaliza majukumu yangu nikakabidhi ofisi." Basi. Ukianza kumwaga mchele kuhusu bosi wa zamani, bosi mpya anajiona yeye kwenye hadithi ijayo.

La nne, jaribu kuongea na bosi mwenyewe kama hali inaruhusu. Kuomba msamaha si lazima, mnakubaliana tu juu ya mambo yasiyo na ubishi: tarehe, cheo, majukumu. Mabosi wengi, hata wenye kinyongo, hupata unafuu wakiambiwa wathibitishe tarehe tu.

La tano ndilo somo la tumbaku ya Songea. Mlango wa pili. Mwenye kibanda chake cha M-Pesa, mwenye wateja wake wa kushona, mwenye bustani yake ya mboga bondeni, anaingia kwenye usaili akiwa hajabanwa koo. Anaweza kusikia "hapana" na kesho akaamka akafanya kazi. Mtu huyo ni vigumu kumtisha kwa simu.

Wapo mabosi watakaosema vibaya hata ukifanya yote haya, na wapo waajiri watakaowasikiliza. Mji mdogo una maneno, na Songea kila mtu ana shemeji yake kila ofisi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayesema neno baya kwenye simu na mtu aliyeshika sahihi yako ya kuachiwa. Wa kwanza anaweza kukuharibia mchongo mmoja. Wa pili alikuwa na ufunguo wa kila kazi ndani ya nchi.

Ufunguo huo ulitolewa mikononi mwake kwa gharama, na baadhi ya waliolipa majina yao hayajulikani hadi leo. Cheti cha utumishi unachokiona kama karatasi ya kawaida, chenye tarehe mbili na cheo bila neno hata moja la sifa au lawama, ndicho kilichobaki mkononi baada ya yote. Ukienda kukichukua, usiondoke bila muhuri.